Majukwaa Matupu na Mashabiki Waliobaki Vibandani

Miongoni mwa mambo yanayowaudhi wapenzi wa michezo katika nchi mbalimbali, kuona timu ya kulipwa, yaani timu ambayo wachezaji wake wanaishi kwa mshahara wa mchezo, ikicheza mbele ya majukwaa matupu ni jambo linalozungumzwa kwa uchungu unaofanana karibu kila mahali, iwe Kanada ambako watu hulalamikia kumbi za hoki zisizojaa, au Tanzania ambako kamera za televisheni huonyesha wachezaji 22, waamuzi, na nyuma yao ngazi za zege zisizo na mtu. Anayelalamika zaidi kwa kawaida ni yule aliyekata tiketi na kufika, kwa kuwa yeye ndiye anayeshangilia bila kuitikiwa, na ndiye anayeambiwa kila msimu kwamba timu huenda ikahama kwa sababu mji wake hauipendi. Suala hilo linaeleweka vizuri likitazamwa kutoka wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako watu wa kata ya Dirma na vijiji vya jirani wanaifuata kandanda kwa moyo wote, huku timu ya Ligi Kuu iliyo karibu nao kuliko nyingine zote ikipata wachache tu kati yao langoni mwake.

Hoki ya barafuni ni mchezo wa magongo ambamo timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji 6 uwanjani, mlinda mlango akiwemo, huteleza kwa viatu vyenye makali na kugombea kisahani kigumu cha raba. Ligi yake kubwa, iitwayo NHL, ilianzishwa mwaka 1917 na sasa ina timu 32 za Kanada na Marekani. Kwa wazee wa Hanang, Kanada si jina geni, kwani ndiyo nchi iliyofadhili mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yaliyokuwa chini ya shirika la NAFCO, mradi ulioacha mavuno mengi na pia mgogoro mrefu wa ardhi na wafugaji wa Kibarbaig. Katika nyanda za ngano za Kanada yenyewe umo mji wa Winnipeg, ambao historia yake ya hoki ni darasa kamili la tatizo hili. Mji huo ulipoteza timu yake mwaka 1996 ilipohamishiwa Phoenix, Marekani. Ukapata nyingine mwaka 2011, pale timu ya Atlanta ilipouzwa baada ya hasara na mahudhurio hafifu. Na wakazi wake, waliokuwa na kiu ya miaka 15, wakanunua haraka tiketi za msimu 13,000. Tiketi ya msimu ni malipo ya mkupuo yanayompa shabiki kiti chake kwa mechi zote za nyumbani, na kwa klabu ni fedha ya uhakika kabla msimu haujaanza. Kufikia mwaka 2024 tiketi hizo zilikuwa zimeshuka hadi karibu 9,500, na mwenyekiti wa klabu, Mark Chipman, alisema hadharani kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Timu iliyokuwa imekwenda Phoenix nayo iliishia kucheza, kuanzia mwaka 2022, katika ukumbi wa chuo kikuu wenye viti visivyofika 5,000, kisha mwaka 2024 wachezaji wake wakahamishiwa Salt Lake City.

Kinachofaa kuangaliwa katika habari hiyo ni kwamba takwimu zake zinajulikana. NHL hutangaza idadi ya watazamaji wa kila mechi, ingawa inayotangazwa ni hesabu ya tiketi zilizotolewa na si ya watu waliokaa vitini, jambo ambalo mashabiki wa huko hulidhihaki kila wanapoona viti vingi vitupu kuliko tangazo linavyodai. Hata hivyo, dhihaka hiyo inawezekana kwa sababu ipo namba ya kuipinga.

Katika Afrika Mashariki, mpira wa magongo unaochezwa nyasini uliwahi kuwa na heshima kubwa. Kenya ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la mwaka 1971 mjini Barcelona, na Tanzania ilipeleka timu ya wanaume katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako ilishika nafasi ya mwisho kati ya timu 6. Leo watazamaji wa mchezo huo nchini Tanzania ni wachache mno kiasi kwamba hakuna anayejitokeza kulalamikia uchache wao, na huo ndio ugonjwa ulio mbaya kuliko malalamiko. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuelewa hasira ya shabiki aliyeachwa peke yake jukwaani hana budi kuitazama kandanda.

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kwa hiyo kila timu hucheza mechi 15 nyumbani kwa msimu. Kwa timu yoyote isiyokuwa Simba wala Yanga, mechi 2 kati ya hizo 15 hujaza uwanja, nazo ni zile ambazo vigogo hao wa Kariakoo wanakuja kama wageni. Nyingine 13 huchezwa mbele ya watu wanaoweza kutambuana kwa sura. Tofauti hiyo ni kubwa hata jijini Dar es Salaam. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi ya watu 60,000, hufurika siku ya dabi ya Kariakoo, lakini Azam FC, klabu tajiri yenye uwanja wake wa kisasa huko Chamazi na iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja, haijawahi kupata umati unaolingana na mafanikio yake. Mtibwa Sugar ilichukua ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000, nayo ikabaki kuwa timu ya kiwanda na jirani zake wa Turiani. Dai linalosikika mara kwa mara kwamba mashabiki watakuja timu ikianza kushinda, basi, haliungwi mkono na historia ya ligi hii.

Sababu ya mapenzi hayo kuelekea kwa Simba na Yanga ni ya zamani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miongo mingi mtu wa Mbulu au Songea aliyetaka kusikia mpira alitegemea redio ya taifa, ambayo iliwaletea Watanzania wote majina yaleyale, mabao yaleyale na utani uleule wa jioni. Klabu hizo mbili zikafungua matawi kila mkoa, watoto wakarithi rangi za baba zao, na ikafika mahali ambapo kumuuliza Mtanzania timu yake ni kumtaka achague kati ya nyekundu na kijani. Timu ya mkoa ilipopanda daraja, ilikuta watu wake wameshagawanywa. Ndiyo maana Simba inapocheza ugenini huonekana kama iko nyumbani, na wenyeji ndio wanaohisi ugeni.

Manyara ilipata timu ya Ligi Kuu kwa njia ambayo yenyewe inaeleza nusu ya tatizo. Klabu iliyopanda daraja mwaka 2022 na kuingia Ligi Kuu kwa jina la Singida Big Stars ilimaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya 4, ikabadilishwa jina mwaka 2023 kuwa Singida Fountain Gate, ikashiriki Kombe la Shirikisho Afrika, kisha mwaka 2024 ikaondoka Singida, ikabaki na jina la Fountain Gate pekee na kuhamia Babati, katika uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Pengo la Singida lilizibwa na Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya, ambayo iliitwa Singida Black Stars. Wapenzi wengi wa soka wanaikumbuka Ihefu kwa jambo moja: tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2–1 na kukomesha mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo mabingwa hao hawakuwa wamefungwa. Miezi isiyofika 24 baadaye, watu wa Mbarali walioshangilia ushindi huo hawakuwa na timu tena, wala hapakuwa na mkutano wowote wa wanachama ambao wangeweza kwenda kuupinga uhamisho, kwa kuwa hawakuwa wanachama bali watazamaji.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Klabu inayomilikiwa na mfadhili, kampuni, jeshi au halmashauri inaweza kuhama, kubadili jina au kubadili rangi kwa uamuzi wa ofisi moja, na Tabora United kuitwa TRA United mwaka 2025 ni mfano mwingine wa hivi karibuni. Shabiki wa mkoani, ambaye ameshaona hayo, hutunza moyo wake. Anakwenda kuitazama timu mpya mara moja au mbili, anaisifu, lakini hamnunulii mwanawe jezi yake, kwa sababu hajui kama jezi hiyo itakuwa na maana mwaka ujao. Ni vigumu kumlaumu kwa hilo, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba wanaomlaumu mara nyingi ni walewale wenye uwezo wa kuihamisha timu.

Februari 2025, Simba ilipofika Babati na kulazimishwa sare ya 1–1, uwanja wa Tanzanite Kwaraa ulionja raha ambayo ligi inaweza kuleta katika mji mdogo. Siku kama hiyo kiingilio hupandishwa, magari hutoka Katesh, Mbulu, Kondoa na Karatu, na mama ntilie huuza mpaka sufuria zikauke. Msimu uleule timu hiyohiyo ililazimika kupita katika mechi za mchujo ili ibaki Ligi Kuu, na huo ndio wakati ambao wachezaji huhitaji kelele za nyumbani kuliko wakati mwingine wowote. Klabu nyingine zimechukua njia ya mkato: baadhi huuhamisha mchezo wao wa nyumbani dhidi ya Simba au Yanga na kuupeleka kwenye uwanja mkubwa wa mkoa mwingine ili zipate mapato ya mlangoni, yaani fedha za viingilio zinazobaki baada ya makato. KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, iliwahi kuupeleka mchezo wake na Simba hadi CCM Kirumba, Mwanza. Kihasibu hatua hiyo inaeleweka, lakini kwa shabiki wa nyumbani maana yake ni kwamba siku moja aliyoisubiri mwaka mzima imeuzwa kwa watu wengine.

Upande wa pili wa habari hii ni televisheni. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitia saini mkataba wa miaka 10 na Azam Media wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, ambao ni wa haki za matangazo, yaani idhini ya kipekee ya kurusha mechi za ligi. Fedha hizo zimeziokoa klabu ambazo zamani zilisafiri kwa kuomba nauli, na hakuna mtu makini anayeweza kutamani zirudi zilikotoka. Lakini mkataba huohuo uliileta Ligi Kuu hadi kwenye kibanda umiza, kile chumba cha mabati chenye benchi za mbao, king'amuzi na skrini, ambamo vijana hulipa shilingi mia chache kutazama mechi mbili au tatu kwa jioni moja, Ligi Kuu ya Uingereza ikiwemo. Mtu wa Dirma anayeingia humo hupata kitu ambacho uwanja wa Babati hauwezi kumpa: marudio ya bao, sauti ya mtangazaji, ubishi wa marafiki, na kufika nyumbani kabla giza halijawa zito. Klabu nayo, ikishakuwa na fedha za matangazo na za mdhamini, hupoteza sababu ya kwenda kumtafuta mtu huyo, na matokeo yake ni kwamba pande zote mbili zimezoea kuishi bila kukutana.

Gharama ya kukutana si ndogo. Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang, ipo kando ya barabara ya lami inayotoka Singida kwenda Babati, kwa hiyo mkazi wake anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini kwa wanaoishi ndani zaidi, katika vijiji vya Dirma au vya tarafa za Mbulu ambako njia ni ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika, safari huanza kwa bodaboda, huendelea kwa basi, na kurudi kwake hutegemea bahati, kwa kuwa mpira unaomalizika saa 12 jioni humwacha abiria stendi akitafuta usafiri ambao umekwisha. Kiingilio ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Nauli, chakula na pengine malazi ndivyo vinavyomzuia mtu. Juu ya hayo, ratiba ya ligi hupangwa kwa kuangalia nafasi za matangazo na safari za timu, hivyo mechi nyingi huangukia katikati ya wiki, saa 8 mchana au saa 10 jioni, wakati ambao mkulima wa vitunguu au mahindi yupo shambani na mfugaji yupo malishoni. Mechi ingewekwa siku moja na mnada wa Katesh, ambao tayari huwakusanya watu wengi pamoja na magari ya kuwarudisha vijijini, ingeweza kuwa na sura nyingine kabisa.

Kwamba watu hao wanapenda kutazama mpira uwanjani huonekana kwenye ndondo, yaani mashindano yasiyo rasmi ya vijiji na mitaa, ambayo zawadi yake huwa mbuzi, ng'ombe au seti ya jezi. Hakuna jukwaa, hakuna tiketi, mistari huchorwa kwa chokaa au majivu, na bado watu huuzunguka uwanja safu baada ya safu, kina mama, wanafunzi na wazee wenye mgolole na fimbo, kila mmoja akimjua mshambuliaji kwa jina la baba yake. Ubora wa mpira unaochezwa pale ni wa chini kuliko wa Babati, jambo ambalo hakuna anayelikataa. Kinachowaleta ni kwamba timu ni ya kwao na haiwezi kuhama, kwa kuwa kijiji hakihami.

Mchezo uliozipa wilaya hizi jina duniani, riadha, nao una uzoefu wake wa majukwaa matupu. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, wakati medali zimekwisha kutolewa na wamebaki watazamaji elfu chache tu, nao wakamshangilia. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 mjini Edmonton, Kanada, na Fabiano Joseph wa Babati akashinda nusu marathoni ya dunia mwaka 2005 katika mji huohuo, ambao kwa ajabu ya mambo ni mmoja wa miji inayoabudu hoki. Wakanada wengi waliwaona wakimbiaji hao kwa macho yao siku zao kubwa. Watu wa kwao walisikia redioni. Alphonce Simbu wa Singida alipoipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, Septemba 2025 mjini Tokyo, nchi ilisherehekea, lakini mashindano ya ndani ambayo huwazaa wakimbiaji kama hao bado hukimbiwa mbele ya walimu, makocha na ndugu.

Mapendekezo yanayotolewa kuhusu kandanda huwa mengi, na baadhi yake, kama kuwaingiza wanafunzi bure au kuwagawia watu fulana, hujaza jukwaa siku moja na kuliacha tupu wiki inayofuata. Yanayoelekea kuwa na uzito zaidi ni mawili. La kwanza ni kwamba klabu inayoingia mkoa mpya iwajibishwe kukaa, kwa sharti la miaka kadhaa lililoandikwa katika kanuni za leseni za klabu, ili halmashauri, wafanyabiashara na wazazi wajue kwamba wanachojenga hakitapakiwa kwenye lori. La pili ni kuuza tiketi pamoja na usafiri, klabu ikikubaliana na wenye mabasi wa Katesh, Dongobesh na Mbulu, kwa mechi chache za mwisho wa wiki zilizochaguliwa mapema; hilo halihitaji fedha nyingi, linahitaji mtu wa klabu kupanda gari na kwenda vijijini kuzungumza na watu.

Kabla ya yote hayo, Bodi ya Ligi Kuu na TFF zinaombwa zianze kuchapisha idadi ya watazamaji waliolipa katika kila mechi, uwanja kwa uwanja, pamoja na kiingilio kilichotozwa. Tiketi za kielektroniki zinazotumika katika viwanja vikubwa zimeshaifanya kazi hiyo kuwa rahisi, na kwa viwanja vidogo vitabu vya tiketi vinatosha. Shabiki wa Babati, wa Katesh na wa Dirma ana haki ya kujua ni wangapi waliokuwa naye siku ile, na klabu haiwezi kupanga namna ya kuwaongeza watu ambao haijawahi kuwahesabu.